Mkono wa Mama Uliobaki Kibondo

Majuzi mjukuu wangu alianguka kwenye ngazi akavunjika mkono, nikampeleka hospitali mwenyewe kwa sababu wazazi wake walikuwa kazini. Kijana aliyemhudumia alichovya vile vitambaa kwenye ndoo ya maji, akaanza kuuzungushia mkono wa mtoto, na harufu ikanipanda puani kabla sijajiandaa. Wenzangu wa umri huu mnaijua: chokaa iliyoloa, kitambaa cha hospitali, na lile joto dogo linalotoka plasta inapoanza kushika. Mjukuu wangu alikuwa analia. Mimi nilikuwa nimekasirika. Kijana wa watu akadhani nimeona amefunga vibaya, akaniomba radhi. Nikamwambia, "Siyo wewe, mwanangu, endelea na kazi yako." Wale niliowakasirikia wengi wao wameshazikwa, na kosa lao lilikuwa kuzungumza tu. Walikaa barazani wakazungumza habari za mpira, kwa wiki nyingi, na mimi nikiwasikia.

Mama yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Kwao ni Muheza. Alipomaliza chuo akapangiwa Kasulu, na alituambia kwamba siku ile bibi yetu alilia kana kwamba mtoto anapelekwa ng'ambo. Sisi tuliozaliwa kule hatukukielewa kilio hicho. Kwetu sisi Kasulu ndiyo ilikuwa dunia: baridi ya asubuhi inayokufanya upulize moshi mdomoni ukiwa huna sigara, udongo mwekundu usiotoka kwenye soksi nyeupe, harufu ya mawese jikoni na muhogo ulioanikwa juani. Mama aliolewa huko huko na baba, bwana shamba, Mha wa Makere, mtu mpole asiyependa ugomvi. Akajifunza Kiha cha kusalimia na kununulia maharage. Akiingia sokoni na salamu ya "mwakeye" kwa lafudhi yake ya Kitanga wanawake walicheka, halafu wakamjazia kisonzo, kile kikapu cha kupimia, mpaka kikafurika.

Kitu kimoja alichokuja nacho kutoka chuoni ni kuujua mpira wa magongo. Wengi hamtaamini kwamba mchezo huo ulipata kuchezwa kule kwetu. Ulichezwa. Aliuleta bwana mifugo mmoja aliyeitwa Bwana Kitundu, mrefu, mwenye sauti ya kuamrisha hata akiomba chumvi. Alihamishwa kutoka Dodoma akashuka kwenye lori na magongo saba yaliyofungwa kwa kamba. Mengine yalichongwa na seremala kwa mti wa mpera, yakapindwa ncha kwa moto na maji ya moto. Baada ya miezi michache wafanyakazi wa serikali walikuwa na timu, na Kibondo nako, kwa kusikia tu, wakaanzisha ya kwao.

Tatizo lilikuwa golini. Kwenye mpira wa miguu mtu mvivu ndiye anayekimbilia kudaka. Kwenye magongo mpira ni mgumu kama jiwe la mto, na unakuja ukipiga filimbi. Kila waliyempanga golini wiki hii, wiki ijayo alikuwa na homa. Basi jioni moja mama alikuwa anatoka shule, mimi nimeshika kanga yake kwa nyuma, tukapita uwanjani tukamkuta Bwana Kitundu anambembeleza karani wa mahakama akae golini. Karani anatazama chini. Mama akasimama, akatua kapu la madaftari, akajifunga kanga kibwebwe.

"Nipeni hilo gongo," akasema.

Wakacheka. Bwana Kitundu hakucheka, kwa sababu alikuwa na shida. Alimpigia mipira kumi. Sikumbuki mingapi iliingia, nakumbuka kwamba kicheko kilipungua pole pole, na mpira wa mwisho mama aliupiga teke ukarudi mpaka miguuni kwa Bwana Kitundu, naye akavua kofia akajipepea.

Tangu siku hiyo mama akawa kipa. Alicheza amevaa suruali ya baba iliyokunjwa chini, jambo lililozungumzwa mjini kuliko mchezo wenyewe. Fundi Shabani, cherehani yake ikiwa barazani mwa duka karibu na soko, alimshonea vikinga vya miguu kwa gunia na sufi. Fundi huyo alikuwa mtu wa Ujiji, mzee wa kanzu na kofia, na baraza lake ndilo lililokuwa kijiwe cha wapenzi wa timu. Hapo palikuwa na birika la kahawa chungu, benchi moja refu, na maneno yasiyokwisha.

Baba alisema jambo moja tu kuhusu ukipa wa mama. Alisema, "Suruali yangu ile ya kaki uniachie, nina mkutano Munanila."

Sasa nije kwenye mechi ya Kibondo.

Sikupata kuiona. Kibondo ni mbali, na lori la halmashauri lilijaa wachezaji na washabiki, watoto hawakuchukuliwa. Nilibaki kwa jirani. Kesho yake alasiri tulilisikia lori kabla ya kuliona, kwa sababu walikuwa wanaimba na kupiga madebe. Tukakimbia. Lori likasimama mbele ya baraza la Fundi Shabani, likiwa jekundu kwa vumbi, na watu wakashuka wamembeba juu juu kijana mmoja wa posta aitwaye Festo. Festo ndiye aliyefunga. Moja bila, Kasulu wameshinda ugenini. Walimzungusha soko zima. Alikuwa kijana mzuri, meno meupe, na siku ile alicheka mpaka machozi.

Mimi nilikuwa namtafuta mama. Alishuka wa mwisho, upande wa nyuma, peke yake. Aliteremka kwa mkono mmoja. Wa pili, wa kulia, ulikuwa umefungwa ndani ya kanga na kuninginizwa shingoni, na kwenye ile kanga palikuwa na alama ya damu iliyokauka. Uso wake ulikuwa umejaa vumbi isipokuwa michirizi miwili. Nilipokimbia kumkumbatia akasema, "Pole pole, Zena, usiniguse upande huu."

Hospitali walimfunga plasta kutoka karibu na kiwiko hadi mwisho wa vidole, na mwishoni wakazungushia bandeji nyingi, hata mkono ukawa kitu cheupe kisicho na umbo. Hakikuonekana kidole hata kimoja. Nyumba nzima ilinuka chokaa. Baba akachukua kazi ya kupika ugali, ukatoka na mabonge, tukala hivyo hivyo.

Siku ya pili yake mama alinituma kwa Fundi Shabani nikachukue sketi yangu ya shule. Baraza limejaa. Nikaamkia, "Shikamooni," wakaitikia kwa pamoja bila kunitazama, wakaendelea na mechi yao. Nilikaa kwenye ngazi kusubiri, kwa kuwa sketi ilikuwa bado inatiwa zipu.

Aliyekuwa anazungumza ni Bukuru, dereva wa lile lori, mtu wa Mabamba, mnene, asiyeweza kusimulia jambo akiwa amekaa.

"Mimi nawaambia, Festo yule si mtu," Bukuru akasema. "Aliwapita wawili, akawapita watatu, akaubusu ule mpira kwa gongo, pa! Kipa wao mpaka leo anautafuta."

"Na ile alipojifanya anakwenda kushoto?" akauliza mmoja.

"Ndiyo hiyo hiyo. Nyonga yake ina mafuta."

"Lakini alichechemea kipindi cha pili," Fundi Shabani akasema, sindano mdomoni. "Kifundo kile. Asipopumzika, mechi ya marudiano tutamkosa."

Wakakijadili kifundo cha Festo. Akandwe kwa maji ya chumvi, akandwe kwa mawese ya moto, apelekwe kwa bibi mmoja wa Makere anayejua kuunga. Kifundo hicho nilikiona mwenyewe siku ile Festo alipopita na baiskeli yake ya posta. Kilikuwa kimevimba kidogo kuliko kinavyovimba changu nikiumwa na siafu. Nikasubiri wafike kwa mama. Nilikuwa na hakika watafika, kwa sababu mama naye alicheza, tena aliumia zaidi. Wakarudi kwenye bao. Wakalipitia tena tangu mpira ulipoanzia. Festo akawapita watu wanne safari hii.

Mwishowe mtu mmoja akauliza, "Na Mwalimu je?"

"Aa, Mwalimu," Bukuru akasema, akapunga mkono. "Mwalimu basi tena. Mkono kauacha Kibondo."

"Kauacha kabisa," mwingine akadakia. "Umebaki golini kule. Tutafute kipa mwingine."

Mtu akamimina kahawa, wakarudi kwa Festo.

Nilikuwa darasa la pili. Kiswahili nilikijua, nilikuwa mtoto wa mwalimu. Mkono nilijua ni nini, na kuacha nilijua ni nini. Daftari ukiliacha shuleni, liko shuleni. Nilichukua sketi yangu nikarudi nyumbani nikitembea kama mtu aliyebeba maji kichwani, maana nilihisi nikikimbia nitapiga kelele.

Sasa nilielewa kwa nini hatukuonyeshwa vidole. Nilielewa kwa nini mama alisema nisimguse upande ule, na kwa nini baba aligeuza uso kila alipomsaidia kuvaa. Ile plasta ilikuwa chombo kitupu walichomvalisha ili watoto tusiogope. Jioni hiyo mama alipokuwa amelala kitini nilimsogelea, nikaigonga kwa kidole kimoja. Ko, ko. Ilitoa sauti kama debe lisilo na kitu. Nikawa sina tena shaka.

Siwezi kueleza vizuri hofu ya siku zile. Sikumwogopa mama, niliuogopa mkono. Niliufikiria uko Kibondo, nyuma ya goli, kwenye nyasi, umeshika gongo. Niliwaza kama umenyeshewa. Nilikataa kukaa upande wa kulia wa mama, na yeye aliona, lakini alidhani nimetii alichoniambia, akanisifu kwa utii. Hilo liliniumiza zaidi. Na kila siku nilipopita barazani niliwasikia watu wazima wale, wanaojua kila kitu, wakibishana kama Festo aliwapita wanne au watano, wakati mkono wa mama umelala kule na hakuna anayesema twendeni tukaufuate. Lori lilikuwa linakwenda Kibondo kila wiki! Lilikuwa linapeleka mbolea na kurudi na maharage. Hivi kweli Bukuru hawezi hata kusimama kidogo uwanjani?

Nilivumilia siku nyingi, labda wiki mbili. Ijumaa moja, baada ya swala, nilimkuta Bukuru barazani anafunga turubai la lori, na wenzake wamekaa pale pale pa siku zote. Nikamwendea.

"Baba Bukuru, unakwenda Kibondo?"

"Ego, ndiyo, binti yangu. Nikuletee nini?"

"Niletee mkono wa mama. Uko golini, upande aliokaa mama. Nimeleta kanga ya kuufungia."

Nikamnyooshea kanga. Ilikuwa kanga yangu ndogo niliyojifunika usiku.

Kwanza hakuelewa. Alinitazama, akaitazama kanga. Halafu akaelewa, akakaa chini kwenye ngazi ya lori kwa kicheko. Akawaita wenzake. "Njooni msikie! Njooni msikie mtoto wa Mwalimu!" Akanilazimisha nirudie. Nami nikarudia, kwa kuwa nilidhani safari hii watu wengi wakisikia, mmoja atanisaidia. Baraza zima likalipuka. Festo naye alikuwepo, mguu wake umewekwa juu ya kiti, akacheka mpaka akakohoa kahawa. Nilisimama na kanga yangu mkononi. Mtoto akichekwa na mtu mmoja hulia. Mimi nilikuwa nachekwa na watu kumi na kitu, na sikulia. Nilipiga kelele.

"Mrudishieni mama mkono wake! Mmemshangilia Festo, mmemwacha mama! Mrudishieni!"

Kicheko kikashuka, kikawa cha chini chini, cha watu wanaoona aibu lakini hawawezi kujizuia. Ni Fundi Shabani peke yake aliyeinuka. Akaacha cherehani, akanishika bega, akasema, "Twende nyumbani, mjukuu wangu." Lakini hatukufika mbali, maana habari ilikuwa imeshakimbia mbele yetu, na mama alikuwa anakuja. Alikuwa anatoka shule, chaki kwenye nywele, plasta yake shingoni. Tukakutana kati ya barabara.

"Wamekufanya nini?" akaniuliza.

Nikamwambia yote. Nilimwambia najua kwamba mkono haumo, na kwamba asihangaike kunificha, mimi siogopi tena. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha hakuchukua njia ya nyumbani. Alinishika kwa mkono wa kushoto, tukarudi barazani, Fundi Shabani akitufuata nyuma.

Wanaume wakasogeleana kwenye benchi. Mtu akaanza kusema, "Karibu, Mwalimu, mtoto wako huyu…" akaishia hapo.

"Fundi," mama akasema, "naomba mkasi wako. Fungua bandeji hii ya mbele. Mwanangu aone."

"Daktari atasemaje, Mwalimu?"

"Daktari nitamjibu mimi."

Fundi Shabani akachukua mkasi mdogo wa nyuzi. Akakaa, akauweka mkono wa mama juu ya meza ya cherehani, akaanza kukata taratibu, akikunja kila kipande alichokitoa. Harufu ikatoka, chokaa na jasho na dawa. Vikatokea vidole. Vilikuwa vitano, nilivihesabu kwa sauti. Lakini viwili vya katikati vilikuwa vyeusi kama bilinganya iliyoiva, vimevimba, na kimoja hakikuwa na ukucha. Nikavigusa. Vilikuwa na joto.

Nilifurahi kwa jinsi ambayo sijafurahi tena maishani. Nikainua uso niwaonyeshe wote: upo! Wao hawakuwa wanacheka tena. Nadhani hakuna hata mmoja aliyekuwa ameuona mkono ule tangu Kibondo. Waliona damu kwenye kanga, wakaambiwa Mwalimu kaumia, wakaendelea na nyimbo.

"Sasa nitawasimulia mechi," mama akasema, "kwa kuwa hapa nasikia inasimuliwa kila siku, na mimi sikuwemo."

Akawasimulia. Alisimama na mkono juu ya meza, akasema kwa ile sauti yake ya darasani isiyopanda wala kushuka. Festo alipofunga, zilikuwa zimebaki dakika nyingi, na Kibondo wakaja wote mbele. Mipira sita ilifika golini na yeye akairudisha yote sita, mmoja kwa goti. Mwamuzi akatoa penalti. Mpigaji wao akauinua mpira upande wa kulia wa mama, juu, ambako kipa hawezi kutumia mguu. Mama akaunyooshea mkono ulioshika gongo. Mpira ukamkuta vidoleni, ukavibana kwenye mti, ukaanguka chini nje ya mstari.

"Nikaufukuza kwa teke," mama akasema. "Kisha nikacheza mpaka filimbi. Dakika kumi, gongo nimelishika kwa kushoto. Mlikuwa mmesimama pale pale, nyuma ya goli langu. Bukuru, wewe ulikuwa unapiga debe. Uliona?"

Bukuru alitazama viatu vyake. "Niliona, Mwalimu."

"Basi mbona husemi?"

Festo aliteremsha mguu wake kutoka kwenye kiti. Halafu Bukuru, na naapa hakusema kwa ubaya, alisema kwa sababu ndivyo alivyoamini, akainua mabega yake mapana na kusema, "Sawa, Mwalimu. Umedaka. Lakini bao ni bao."

Na wenzake wakaitikia kwa vichwa. Mama aliwatazama mmoja mmoja, kama anavyotazama darasa lililokosa hesabu ile ile kwa mara ya tatu. Akanishika mkono tukaondoka. Nilikuwa nataka kurudi niwapige mawe.

Plasta ilipotolewa, vile vidole viwili havikukunja. Baba alileta mawese na maji ya moto kila asubuhi, akavikanda kabla ya kwenda shambani, naye mama aking'ata ncha ya kanga. Vilikunja kidogo, vikagoma hapo. Chaki ilikuwa inamponyoka, wanafunzi wakaiokota bila kuambiwa. Akaanza kuandika ubaoni kwa kushoto, herufi zikiwa kubwa na zilizolala, na mkaguzi mmoja akamwandikia kwamba mwandiko wake hauridhishi.

Mechi ya marudiano ilikuwa inakaribia, safari hii hapa kwetu. Mama akaanza kufanya mazoezi nyuma ya nyumba. Alilifunga gongo mkononi kwa kipande cha kanga, akachora goli ukutani kwa mkaa, na mimi nikawa namrushia mpira. Mwanzoni niliurusha pole pole.

"Usinihurumie," akasema. "Kibondo hawatanihurumia."

Nikaurusha kwa nguvu zangu zote. Aliurudisha. Gongo lilipogongwa nilimwona anafumba macho kwa maumivu, halafu anafumbua na kusema, "Tena." Tulifanya hivyo kila alasiri, mpaka ukuta ukabanduka udongo na baba akauliza kama nyumba ni ya serikali au ya timu. Mimi nilijua tunafanya nini. Nilijua kwamba mama anataka acheze vizuri sana, mbele ya mji mzima, ili wale wa barazani washindwe kumkwepa, wamsifu, wambebe juu juu kama Festo. Nilipanga hata mahali pa kusimama ili nimwone Bukuru akimbeba.

Siku tatu kabla ya mechi Bwana Kitundu alikuja nyumbani. Hakukaa, alisimama mlangoni na kofia yake mikononi.

"Mwalimu, nimemweka yule karani wa mahakama," akasema. "Amejitolea mwenyewe. Wewe pumzika."

"Njoo nyuma ya nyumba unipigie," mama akasema. "Piga kumi. Ikiingia miwili nitapumzika."

"Haina haja."

"Kumi tu, Bwana Kitundu."

"Mwalimu, tafadhali. Ukiumia tena watu watasema nini? Watasema Kitundu hana huruma, anampanga mwanamke mgonjwa. Wewe umeshatufanyia mengi. Kaa kivulini, utazame vijana."

Mama aliniangalia, kisha akaangalia ule ukuta. Nilidhani atamfokea, kama alivyotufokea sisi kwa mambo madogo kabisa. Akasema tu, "Karibu chai." Bwana Kitundu akasema ana haraka.

Siku ya mechi mama hakwenda. Alisema ana madaftari ya kusahihisha. Mimi nilikwenda, nikakaa karibu na watu wa barazani kwa makusudi, moyo wangu umejaa chuki. Nilitaka Kasulu wafungwe, na Mungu akanisikia. Karani alikuwa mrefu, lakini kila gongo la Kibondo lilipoinuliwa yeye aligeuza uso pembeni. Likaingia moja, likaingia la pili. Festo akarudisha moja, likaingia la tatu. Kipenga cha mwisho kilipopigwa hapakuwa na debe lililolia. Watu walijikusanya barazani kwa Fundi Shabani, nami nikasimama pale pale kwenye ngazi.

"Karani muoga," mtu akasema.

"Lile la pili hata mtoto angelizuia."

Bukuru safari hii alizungumza akiwa amekaa, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Akatikisa kichwa kwa muda mrefu. "Angekuwepo Mwalimu," akasema. "Nawaambieni, angekuwepo Mwalimu, pale hapapiti kitu."

"Hapapiti," wote wakasema. "Mwalimu ndiye kipa."

Nilikimbia. Sijui kama niliwahi kukimbia vile. Nilikuwa nimebeba maneno yale kama mtu aliyebeba kaa la moto, nisilidondoshe, lisizimike. Nilimkuta mama uani, ameketi kwenye mkeka, madaftari yamefungwa pembeni yake. Alikuwa anapukuchua maharage kwa mkono wa kushoto, na vile vidole viwili vigumu vimenyooka vikishikilia ganda.

"Mama! Wamefungwa tatu moja! Na wote wamekutaja wewe, Bukuru amekutaja, Fundi, wote! Wamesema Mwalimu ndiye kipa! Wamesema ungekuwepo hapapiti kitu!"

Nikasubiri uso wake ubadilike. Akapukuchua ganda lile mpaka likaisha, akachukua lingine.

"Umesikia, mama? Wamekusifu!"

"Nimesikia, Zena."

"Hujafurahi?"

Mama akatazama upande wa uwanjani, ambako sauti za watu zilikuwa bado zinasikika zikibishana. Na kwa mara ya kwanza tangu lile lori lirudi kutoka Kibondo, niliona machozi yake.

"Mwanangu," akasema, "mimi nilitaka kucheza."